Soseji na mboga kwenye chungu cha umeme: chakula kinachoiva ukiwa kazini

Chungu cha umeme cha kupikia polepole kina tabia mbili, na asiyezijua hatakipenda. Ya kwanza, hakikaushi maji. Ya pili, hakikaangi. Ukitia vikombe vitatu vya maji asubuhi, jioni utavikuta vyote vitatu, na juu yake yameongezeka maji ya kitunguu, ya kabichi na ya soseji zenyewe. Ukitia nyama ambayo haijapita kwenye mafuta, utaikuta imeiva lakini imepauka. Wengi hukinunua, wakapika mara mbili, wakapata supu yenye rangi ya maji ya kuoshea vyombo, halafu kikapandishwa juu ya kabati kikae na mashine ya juisi. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inatokana na tabia hizo mbili: ladha ya kukaanga tunaitengeneza mapema kwenye kikaango, maji tunayabana, na vitu vyenye uchachu vinangoja mwisho.

Pishi lenyewe ni la kawaida sana katika miji ya Marekani kama Chicago na Milwaukee, ambako wahamiaji kutoka Poland na Ujerumani walifika na mazoea yao ya kupika soseji, kabichi na viazi pamoja. Waswahili walioko huko wamelipenda kwa sababu nyingine: zamu. Anayehudumia wazee kwenye nyumba za uangalizi na anayepanga mizigo ghalani wote wanarudi nyumbani saa ambayo miguu haitaki tena kusimama jikoni.

Chungu nacho ni mtoto wa Chicago. Mvumbuzi wake, Irving Naxon, alipata hataza mwaka 1940. Wazo alilitoa kwenye masimulizi ya mama yake kuhusu cholent, mchuzi wa maharage, nyama na viazi ambao Wayahudi wa Lithuania waliuacha usiku kucha kwenye tanuri la mwoka mikate, ili siku ya Sabato wale chakula cha moto bila kuwasha moto. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakitoa sokoni kwa jina la Crock-Pot. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza mengi: chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya maharage na nyama ngumu, vitu vinavyofaidika na saa nyingi za joto la upole. Soseji haikuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana inabidi tuisaidie kidogo.

Usikichanganye na jiko la presha la umeme, lile linalofungwa kwa nguvu na kutoa mvuke kwa mluzi, ambalo siku hizi limeenea Dar es Salaam na Nairobi. Lile linapika haraka kwa presha. Hiki kinapika taratibu, kifuniko chake kimeegeshwa tu. Baadhi ya majiko ya presha yana kitufe cha kupika polepole, na hicho kinafaa kwa pishi hili, ila majiko hayo hupata joto chini tu, si pembeni, kwa hiyo mengi yatahitaji muda zaidi.

Chungu na umeme wake

Vipimo nilivyoweka hapa ni vya chungu cha lita 6 hivi. Cha Marekani kimeandikwa kwati 6, karibu lita 5.7. Kinalisha watu watano hadi sita. Kijaze kati ya nusu na robo tatu. Kikiwa na vitu vichache sana, chakula kinaungua pembeni. Kikijaa hadi ukingoni, katikati kunachelewa kupata joto, na nyama kukaa vuguvugu kwa saa nyingi si jambo la kuchezea.

Anayetaka kumtumia mama yake chungu kutoka Marekani asome kwanza maandishi yaliyo chini yake. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Chungu cha volti 120 kikichomekwa kwenye soketi ya nyumbani bila transfoma ya kushusha umeme kitavuta nguvu karibu mara nne ya ile kiliyotengenezewa, na hapo zawadi imekwisha. Bora umtumie pesa akanunue cha volti 220 hadi 240 huko huko.

Kuhusu gharama, wanaosema kinaokoa umeme ajabu wanatia chumvi. Chungu cha ukubwa huu hula kati ya wati 200 na 300. Saa saba kwa wati 250 ni uniti 1.75, kiasi ambacho jiko la kawaida la umeme la wati 1,500 linakimaliza kwa saa moja na dakika kumi. Jiko la presha linavishinda vyote viwili. Unachokinunua hapa ni uhuru wa kuondoka.

Soseji gani

Hapa ndipo pishi linapoharibika au kupona, kwa hiyo tusikimbilie.

Zinazofaa kuliko zote ni soseji nene za moshi, zilizokwisha kuivishwa kiwandani. Marekani utazikuta kwa jina la kielbasa, zimekunjwa kwa umbo la kiatu cha farasi, pakiti yake ikiwa na gramu 370 hadi 400 hivi. Kenya kuna smokie, zile zinazopasuliwa kando ya barabara na kujazwa kachumbari. Nyama yake imeshikana, moshi umeingia ndani, na mchuzi unapata ladha bila wewe kuhangaika. Smokie ni ndogo, hivyo usizikate.

Aina ya pili ni soseji mbichi za nyama tupu: bratwurst nyingi, na zile za Kiitaliano zenye mbegu za shamari. Zinafaa sana, lakini ni nyama mbichi na zinataka kuheshimiwa hivyo. Ya ng'ombe au nguruwe ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Ya kuku au bata mzinga ifike 74. Kipimajoto cha nyama ni cha bei ndogo, na kwa chombo kinachopika bila mtu kukitazama, nakiona cha lazima.

Aina ya tatu ni soseji nyembamba laini za kifungua kinywa, zile ambazo ndani yake kuna nyama pamoja na unga au chenga za mkate. Hizi ndizo zilizojaa kwenye friza za maduka mengi ya Afrika Mashariki. Zikikaa saa saba kwenye mchuzi zinavimba, zinapasuka na kuwa uji. Kama ndizo ulizo nazo, usikate tamaa: zikaange mpaka ziive kabisa, pika mboga peke yake chunguni, kisha soseji ziingie katika nusu saa ya mwisho.

Kwa Waislamu, jina la bata mzinga au ng'ombe kwenye pakiti halitoshi. Zipo soseji za kuku na za bata mzinga ambazo nyama yake imeshindiliwa ndani ya utumbo wa nguruwe. Viungo vimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Visome mpaka mwisho au tafuta yenye alama ya halali. Katika miji mikubwa ya Marekani na Canada, maduka ya nyama ya Wasomali na Waarabu huwa na soseji za ng'ombe zinazofaa.

Mahitaji

- Soseji za moshi, gramu 800 (pakiti mbili)
- Viazi mviringo, gramu 700
- Karoti 4 za wastani
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Kitunguu saumu, punje 4
- Kabichi, nusu ya kichwa kidogo, gramu 500 hivi
- Pilipili hoho 1, nyekundu kama ipo
- Nyanya ya kopo, kijiko kimoja cha chakula
- Binzari nyembamba ya unga, kijiko kimoja cha chai
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Supu ya kuku au ya mifupa, kikombe kimoja (mililita 240), isiyo na chumvi nyingi
- Haradali, kijiko kimoja cha chakula
- Siki kijiko kimoja cha chakula, au ndimu moja
- Mafuta kidogo, na kotimiri ya kumalizia

Kikombe kimoja cha supu kitaonekana kichache mbele ya rundo lile la mboga. Acha hivyo hivyo. Usiongeze.

Chumvi sikuiandika kwa makusudi. Soseji ya moshi ina chumvi ya kutosha kwa chungu kizima, na kama supu yako imetoka kwenye kidonge au pakiti ya unga, nayo ina yake. Tutaonja mwishoni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo

Menya na kukata mboga usiku, maana asubuhi ya kazi haina dakika ishirini za ziada. Viazi vikate vipande vya sentimita 3, uvitie ndani ya maji kwenye bakuli, friji. Visipozamishwa vitakuwa vyeusi. Karoti zikate vipande vinene vya sentimita moja na nusu. Kabichi ikate mapande makubwa kama manne, ukiacha kipande cha shina kwenye kila pande ili majani yasiachane. Vitunguu vikate miviringo minene.

Mboga zikae kwenye vyombo vyake na soseji kwenye chombo chake, vyote ndani ya friji. Usipange kila kitu ndani ya bakuli zito la chungu na kulilaza kwenye friji. Asubuhi bakuli lile litakuwa baridi mpaka ndani ya udongo wake, na chungu kitatumia saa nzima au zaidi kulipasha kabla chakula chenyewe hakijaanza kupata joto. Soseji mbichi usizikaange nusu nusu usiku ukaziweka. Ama zikaange asubuhi ziende moja kwa moja chunguni, ama ziive kabisa. Na kitu kilichotoka friza kikiwa jiwe kisiingie chunguni. Kiyeyuke kwanza ndani ya friji.

Hatua ya kwanza: kikaango

Kata soseji za moshi mshazari, vipande vya urefu wa sentimita 3 au 4. Vipande vyembamba hutoa ladha yake yote kwenye mchuzi na kubaki na ngozi tu, kwa hiyo kata vinene kuliko unavyodhani. Pasha kikaango kizito kwa moto wa juu kiasi, tia kijiko cha chai cha mafuta, kisha panga vipande upande uliokatwa ukiwa chini. Viache dakika tatu bila kuvigusagusa. Vikishika rangi ya kahawia, geuza dakika mbili, toa uweke kando.

Za mbichi zikaange nzima, bila kuzitoboa kwa uma, zigeuzwe mpaka kila upande uwe na rangi. Ndani bado ni mbichi na hilo halina neno, mradi zinakwenda chunguni papo hapo. Utazikata zikiisha kuiva.

Mapishi mengi ya aina hii yanasema tupa kila kitu ndani, funika, ondoka. Inawezekana, na chakula kitaiva. Lakini dakika kumi hizi za kikaango ndizo zinazoleta ladha ya nyama iliyopikwa badala ya nyama iliyochemshwa, na chungu hakina njia ya kuzifidia hata ukikipa siku nzima. Ukiwa na haraka kweli, ruka kitu kingine.

Hatua ya pili: kitunguu na ukoko

Katika kikaango hicho hicho, kwenye mafuta yaliyoachwa na soseji, tia vitunguu. Kaanga dakika sita hadi nane vilegee na kupata rangi ya dhahabu pembeni. Kitunguu kibichi kikiingia kwenye joto la polepole hubaki na ukali fulani wa kijani usiopendeza. Saumu iliyopondwa ifuate, nusu dakika tu, pamoja na binzari nyembamba na pilipili manga. Nyanya ya kopo iingie, uikoroge mpaka iwe nyekundu ya kuiva na mafuta yaanze kujitenga.

Sasa mimina supu, na kwa mwiko wa mbao ukwangue ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ya kikaango mpaka wote uyeyuke. Huo ndio mchuzi wako. Ikichemka, zima. Kuna faida ya pili: supu inaingia chunguni ikiwa moto, na chungu hakianzi safari yake kutoka kwenye ubaridi.

Hatua ya tatu: kupanga

Katika sufuria ya kawaida nyama ndiyo ngumu na mboga ndiyo laini. Hapa ni kinyume. Viazi na karoti huchelewa kuliko soseji, kwa hiyo vinakaa mahali penye joto kali zaidi, yaani chini kabisa na kuzunguka kuta.

Washa chungu. Mwaga maji ya viazi, vipanguse kidogo, vitandaze chini. Karoti juu yake, hasa pembeni. Mimina vitunguu pamoja na supu yake yote. Kisha soseji. Mapande ya kabichi yakae juu kabisa, yakiiva kwa mvuke na si kwa kuzama. Yatashuka taratibu yenyewe. Hoho, haradali na siki bado zinasubiri.

Kuhusu siki, na nyanya pia, kuna jambo la kujua. Mboga zinashikiliwa pamoja na pektini, na asidi huizuia isilegee. Ndiyo maana mtu anaweza kupika viazi kwenye kopo zima la nyanya kwa saa nane na bado akavikuta vigumu katikati, akalaumu chungu. Kijiko kimoja cha nyanya ya kopo hakina madhara. Kopo zima linayo. Ukitaka pishi lenye nyanya nyingi, kata viazi vidogo zaidi au ingiza nyanya baada ya viazi kulainika.

Hatua ya nne: funika, na mikono mfukoni

Moto mdogo, saa sita hadi saba. Moto mkubwa, saa tatu na nusu hadi nne. Katika vyungu vingi moto wa aina zote mbili hufika karibu joto lile lile mwishoni, nyuzi 93 hadi 99 hivi. Tofauti ni jinsi unavyofika haraka. Kwa soseji napendelea moto mdogo, kwani mkubwa huzipasua ngozi.

Usifunue. Kila ukifunua kuchungulia, mvuke wote unatoka na chungu kinahitaji dakika 20 hadi 30 kurudi pale kilipokuwa. Kifuniko kikiwa cha kioo na kimejaa matone, kigongegonge kwa kidole, matone yatashuka utaona ndani. Bibi aliyezoea kukoroga sufuria kila dakika tano atateseka. Mpe kachumbari aikate.

Wakazi wa Nairobi na wa miinuko kama hiyo waongeze muda. Kwenye mita 1,800 hivi maji huchemka karibu nyuzi 94, na viazi vinalijua hilo. Pima kwa ncha ya kisu: ikiingia kwenye kiazi bila kusukumwa, tayari.

Hatua ya tano: saa ya mwisho

Kama uko nyumbani, hoho iliyokatwa vipande vikubwa iingie saa moja kabla ya kupakua. Ikikaa siku nzima inapotea, inabaki ngozi inayoelea. Anayependa kabichi yenye ukakamavu kidogo aiingize naye dakika 90 kabla ya mwisho badala ya asubuhi. Kama uko kazini, kabichi iende asubuhi kama nilivyoeleza, na hoho uikaange dakika tatu ukirudi, uimwage juu.

Angalia mchuzi. Kile kikombe kimoja kimekuwa viwili au karibu. Ukiuona mwepesi, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukoroga kijiko kimoja na nusu cha chakula cha kornflawa katika maji baridi kidogo, kumimina, na kuacha kwenye moto mkubwa dakika 15 hadi 20 kifuniko kikiwa juu. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuchota vipande vitano au sita vya viazi, kuviponda kwa uma na kuvirudisha. Mchuzi unakuwa mzito bila ule mng'ao wa kornflawa.

Sasa haradali, siki au maji ya ndimu. Koroga kwa upole kutoka chini. Onja, ndipo useme kama chumvi inahitajika. Mara nyingi kinachokosekana ni tone jingine la ndimu. Kotimiri juu.

Pakua na wali, mkate au chapati. Ugali nao unakubali, mchuzi ukiwa mzito. Usikose kachumbari yenye pilipili, kwa sababu kila kitu chunguni ni laini, na mdomo unatamani kitu cha kutafuna.

Ukiwa na zamu ya saa kumi na mbili

Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku ana tatizo: pishi hili linaiva saa saba mchana. Vyungu vyenye saa ndani yake hujibadilisha vyenyewe kuwa hali ya kuhifadhi moto, ambayo inatakiwa kushikilia chakula juu ya nyuzi 60. Saa mbili hadi nne katika hali hiyo si mbaya. Saa sita ni nyingi. Viazi vinavunjika na kabichi inakuwa ya kijivu.

Wengine huweka chakula kibichi asubuhi na kutega soketi yenye saa iwashe chungu mchana. Usifanye hivyo. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 4 na 60, na nyama haitakiwi kukaa humo zaidi ya saa mbili.

Ushauri wangu ni kupika usiku. Washa saa nne usiku, alfajiri saa kumi na moja kimeiva. Kipakue kwenye vyombo vipana visivyo na kina kirefu, kipoe kidogo, kiingie friji kabla hujaondoka. Jioni unapasha moto kwenye sufuria kwa dakika kumi. Ladha inakuwa imetulia zaidi kuliko ya siku ile ile.

Umeme ukikatika

Huku nyumbani hili si swali la kama, ni la lini. Ukiwepo, hamishia chakula kwenye sufuria na umalizie kwa gesi au mkaa hapo hapo. Kama kilikuwa kimeiva tayari, kinaweza kukaa salama hadi saa mbili. Kama hukuwepo, na umerudi ukakuta saa ya chungu inawaka-waka sifuri na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, mwaga chote, hata kama kinaonekana kizuri. Kupasha upya kunaua bakteria lakini si sumu zote walizokwisha kuacha.

Ukitaka kubadilisha

Tui la nazi linapendeza na soseji za kuku, likiambatana na binzari manjano na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Tia tui zito katika nusu saa ya mwisho. Likikaa siku nzima linakatika, mafuta huku, maji kule. Ukitumia tui, punguza supu iwe nusu kikombe na acha haradali.

Viazi vitamu huiva haraka kuliko mviringo, basi vikate vikubwa zaidi. Ndizi mbichi zinakubali vizuri, zikipangwa chini badala ya viazi. Mchicha na sukuma wiki zinahitaji dakika 15 hadi 30 tu mwishoni. Njegere za friza ziingie wakati wa hoho.

Maharage mekundu ndiyo yanayotaka tahadhari. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la chungu hiki laweza lisitoshe kuivunja. Joto la chini huweza hata kuizidisha. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 30 jikoni kwenye maji mapya, ndipo yaingie chunguni. Ya kopo yamekwisha kuivishwa, hayana shida.

Kilichobaki

Kiingie friji ndani ya saa mbili baada ya kuzima chungu; kitakaa siku tatu hadi nne. Usikipashe chunguni, kwa sababu kinachukua saa nyingi kupita kwenye lile joto la hatari. Tumia sufuria au maikrowevu mpaka kitoe mvuke kote. Ukitaka kugandisha, toa viazi kwanza uvile, kwani vikiyeyuka vinakuwa chengachenga zenye maji. Soseji, kabichi na mchuzi vinagandika vizuri.

Bakuli la chungu lisiwekwe chini ya bomba la maji baridi likiwa bado la moto, litapasuka. Liache lipoe, kisha lijaze maji ya uvuguvugu na sabuni kwa nusu saa. Ukoko wa pembeni utatoka kwa sponji bila kukwangua.